Neno "Basi" na Miaka Arobaini na Mitatu ya Bonaria Atzeni

Mimi Bachisio Mulas nina umri wa miaka themanini na saba. Nimeishi muda mrefu kuliko malaria ya bondeni, kuliko mbu walioileta, na kuliko wanaume waliokuja na mabomba ya dawa kuwaua mbu hao. Nimeishi kuliko sarafu yetu ya lira. Nimeishi kuliko magari matatu ya hospitali yetu, ambayo yote niliyaendesha mimi mpaka yakakata roho mikononi mwangu, na kuliko wakurugenzi ambao wengi wao walitabiri kwamba sitafika mbali. Sasa nimeishi kuliko kazi ya Bonaria Atzeni. Tarehe 30 Novemba 2022, mkuu wa maabara ya vinasaba ya hospitali ya Orulai anastaafu baada ya miaka arobaini na mitatu ya utumishi. Wenye kuandaa sherehe wameniomba mimi nimwandikie wasifu, maana waliokuwepo siku alipoanza kazi wote wako makaburini isipokuwa yeye na mimi.

Shule niliiacha darasa la tatu, kondoo walinihitaji zaidi. Lakini kalamu naijua, na kumbukumbu yangu haina mpinzani hapa milimani. Wametaka niandike kwa uchangamfu. Nitaandika. Ila nisiwadanganye: leo naandika mstari mmoja, naitazama simu mara mbili.

Sababu ni hii. Mjukuu wangu Gonaria, mwalimu wa chekechea kijiji cha ng'ambo ya mlima, ana mimba yake ya kwanza. Yeye ana neno "basi" katika damu yake, na mumewe Daniele analo pia. Sampuli ya mimba hiyo ndiyo ya mwisho ambayo Bonaria anaisoma kabla ya kukabidhi funguo. Majibu yalitakiwa wiki iliyopita. Hayakuja. Jana hayakuja. Leo ni Jumanne, maandishi haya yanatakiwa jioni, simu ya ukutani iko upande wangu wa kushoto na kalamu mkono wa kulia, na tayari nimeshamwaga kahawa juu ya ukurasa wa kwanza.

"Acha kuikodolea macho simu," ananiambia mke wangu Greca. "Haizai."

Basi nieleze "basi" ni nini. Sisemi lile la abiria. Asiyelielewa neno hili hawezi kumwelewa Bonaria.

Bonaria alikuja mwaka 1979 kwa gari moshi la milimani, akiwa na kasha la vitabu na viatu visivyofaa theluji. Mimi ndiye niliyetumwa kumpokea stesheni. Nilimwona ni mwembamba kama uzi wa kushonea, nikamuuliza:

"Wewe ndiye daktari mpya?"

"Mimi si daktari, Ami. Mimi ni mwanabiolojia."

"Kwa hiyo hutibu?"

"Sitibu. Nasoma damu."

"Kusoma hata kasisi wetu anasoma," nikamwambia, "na watoto wanakufa vilevile."

Alibeba kasha lake mwenyewe mpaka kwenye gari, akakaa mbele, na tulipofika kwenye kona ya makaburi akauliza: "Ni mtoto gani aliyekufa, Ami?" Nikamwambia. Mwanangu Priamo, aliyefariki akiwa na umri wa miaka minane, rangi yake kama nta, tumbo limejaa wengu, na mimi mwenyewe nikiwa dereva wa chupa za damu alizoongezewa. Wakati ule madaktari waliita ugonjwa huo thalasemia. Ni jamaa wa karibu wa selimundu. Jina walikuwa nalo. Sababu hawakuwa nayo, au kama walikuwa nayo hawakuona haja ya kumwambia dereva.

Hospitali haikuwa na chumba cha kumpa, kwa hiyo majira yake ya kwanza ya baridi aliyakaa kwetu, chumba cha juu. Hapo ndipo mambo yalipoanzia, chini ya paa langu, na atakayeandika historia ya maabara yetu bila kuitaja nyumba yangu ni mwongo.

Greca ni mfumaji. Orulai mazulia hayafumwi kwa kubahatisha. Nakshi ya ukoo hukaa katika kasha kwa bibi mkubwa, nayo haitoki ndani ya chumba kile hata nyumba iwake moto. Imeshonwa kwa rangi nne tu, nyeusi, nyeupe, nyekundu na kahawia, kwenye vitambaa viwili vinavyotazamana: nyeusi hukaa mbele ya nyeupe, nyekundu mbele ya kahawia, siku zote. Panya akila upande mmoja, upande wa pili unajua kilichokuwepo. Anayetaka kufuma mto hachukui nakshi nzima. Anafungua kasha, ananakili kwenye utepe kipande anachokihitaji, anafunga, anaondoka na utepe wake mpaka kwenye kitanda cha mfumi. Hapo mwanamke mmoja anausoma utepe kwa sauti, rangi tatu tatu, na kila tatu ni jina la fundo moja. Wasichana wamekaa pembeni na vifurushi vya nyuzi, kila mmoja anajua tatu yake tu. Akisikia imeitwa anainuka, analeta fundo lake, linaungwa kwenye lile lililotangulia. Na kuna rangi tatu zisizoita fundo lolote. Zikisomwa, msomaji anasema neno la kilugha chetu lenye maana ya "basi", na uzi unakatwa. Kazi imekwisha.

Bonaria alikuwa akila supu yake akiwatazama. Kijiko kikabaki hewani.

"Shangazi Greca," akasema, "hivi ndivyo mwili unavyofanya kazi."

"Mwili wangu haufumi, mwanangu," Greca akamjibu. "Unauma tu."

Lakini yule binti hakuwa anatania. Alituambia kwamba ndani ya kila seli ya mtu mna kasha, na nakshi iliyomo inaitwa DNA. Imeandikwa kwa herufi nne tu, nazo zimepangwa mbili mbili zikitazamana, kila moja na mwenzake. Kasha la jicho na kasha la ini yana nakshi ileile nzima, ila jicho linanakili kipande chake na ini kipande chake. Nakshi yenyewe haitoki; kinachotoka ni utepe. Utepe unakwenda kwenye kitanda cha mfumi cha seli, unasomwa herufi tatu tatu, na kila tatu inaleta shanga moja. Mnyororo wa shanga ukikamilika unajikunja, unakuwa protini. Kuna protini ya kucha, ya nywele, ya kumeng'enya jibini. Na iko ile inayofanya damu kuwa nyekundu na kubeba pumzi mwilini.

Nikamuuliza kasha la Priamo lilipungukiwa nini.

"Huenda ni herufi moja," akasema. "Huku milimani, wengi wenu mna tatu moja iliyobadilika herufi moja tu. Ilipaswa kuita shanga ya thelathini na tisa. Badala yake inasema basi."

"Na mnyororo ni wa shanga ngapi?"

"Mia moja arobaini na sita."

Greca alikuwa ameshika mkasi. Aliutazama, akauweka chini. Zulia lililokatwa kwenye fundo la thelathini na tisa halifai hata kufutia miguu. Kila mfumaji anajua.

Mwaka uliofuata alitaka kupima damu ya wanandoa na wachumba wote wa wilaya. Watu hawakutaka. Aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa, na mimi nikaenda kwa wenye ng'ombe na wenye kondoo kuwaambia wasipokuja, wakiugua wasiliite gari langu. Walikuja. Sisinnio Podda, mfugaji mwenye sauti ya kupasua majabali, alisimama kabla hata hatujaketi.

"Wewe binti, unatuambia damu yetu ni mbovu?"

"Sisemi ni mbovu, Bwana Sisinnio. Nasema ina neno moja lililobadilika."

"Amelibadilisha nani?"

"Mtu wa zamani sana. Nakshi yake iliponakiliwa, rangi moja ilikosewa."

"Mwanamke huyo!" akanguruma Sisinnio, ukumbi wote ukacheka.

"Huenda mwanamume," Bonaria akasema bila kutikisika. "Kila mtu ana nakshi mbili, moja ya baba na moja ya mama. Neno likiwa upande mmoja tu, upande wa pili unafuma na mtu anaishi mpaka azeeke na kupiga kelele katika mikutano. Likiwa pande zote mbili, mtoto hana damu ya kumtosha."

"Kama ni baya hivyo, mbona halikutumaliza?"

Hapo ndipo nilipomwona Bonaria ni mtu wa kweli, kwa sababu hakuwapa jibu la kuwafurahisha wala la kuwaudhi. Aliwaambia kwamba malaria haikuipenda damu ya mwenye neno upande mmoja. Bondeni, wengine walipozikwa, yeye alipona akazaa. "Neno liliwaokoa babu zenu," akasema. "Malaria imekwenda, neno limebaki, kama mgeni aliyesahau kuaga."

Mimi nikakunja mkono wa shati nikaenda mbele. Nasema wazi, wa kwanza kutoa damu Orulai ni mimi.

"Tumsubiri kwanza," Sisinnio akawaambia wenzake. "Akipona Bachisio na domo lake, nasi tutapona."

Wakapanga foleni nyuma yangu.

Majibu yetu Bonaria alituletea mwenyewe kwa miguu, toka hospitali ambako alikuwa ameshapewa chumba. Aliketi, akatuambia mimi nina neno na Greca analo. Alikaa nasi mpaka moto ulipopungua, akauchochea, akakaa tena. Tangu siku hiyo ikawa kanuni yake, na kila mama wa wilaya hii anaijua: habari njema ya Bonaria hupiga simu, habari mbaya hutembea kwa miguu. Nimewahi kuona mtaa mzima ukifunga madirisha kwa sababu Bonaria ameonekana kwenye kona na koti lake la kijivu, hata kama alikuwa anakwenda kununua mboga. Mwishowe ikabidi mboga zake nizinunue mimi.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema ninachokijua, nacho si kidogo. Mwanzoni sampuli za mimba zilikuwa ngumu kupatikana, na nyingine nilizipeleka mjini mwenyewe juu ya barafu, katika barabara ambazo mbuzi angezifikiria mara mbili. Baadaye akapata mashine ya kunakili. Kipande kidogo cha kondo la nyuma, DNA yake ikatolewa, na lile fungu moja la herufi likanakiliwa maradufu na maradufu mpaka linaonekana. Kisha anachukua tepe mbili fupi. Moja inakubaliana na neno zuri, nyingine inakubaliana na "basi". Unakumbuka nyeusi hushikana na nyeupe, nyekundu na kahawia. Herufi nazo ziko hivyo, utepe usiolingana hushindwa kushika. Panaposhika panatoka doa, la neno zuri juu, la "basi" chini. Doa la juu peke yake, mtoto hana neno. Madoa mawili, ana neno upande mmoja. Doa la chini peke yake, Bonaria anavaa koti la kijivu.

Na hasomi peke yake kamwe. Msomaji wa pili anasoma bila kuambiwa ni mimba ya nani. Wakitofautiana, kazi inaanza upya tangu mwanzo. Mkurugenzi mmoja aliwahi kusema huo ni upotevu wa dawa. Bonaria alimwomba aandike kwa mkono wake mwenyewe kwamba mama atapewa jibu la msomaji mmoja, na atie sahihi. Mkurugenzi alikumbuka ana kikao.

Ucheshi pia tumeuona. Wazazi wenye furaha walimletea jibini, na kwa kuwa alikuwa hawezi kulimaliza, mtaalamu mmoja kijana aliliweka katika jokofu la sampuli. Lilikuwa lile jibini letu lenye funza, linalotembea lenyewe. Mkaguzi kutoka mjini alifungua mlango, akaona kitu kinaruka, akaandika kwamba maabara ya Orulai inafuga wadudu kwa ajili ya utafiti. Mwaka ule tukaulizwa matokeo ya utafiti huo. Bonaria akajibu kwa barua rasmi kwamba matokeo yalikuwa mazuri sana pamoja na mkate na divai.

Wodi ya kuongezewa damu ilikuwa imejaa vitanda vya watoto nilipokuwa naendesha. Leo vimebaki vitanda vichache, na wanaolala humo ni watu wazima wenye mvi, waliozaliwa zamani, dawa zimewafikisha hapo. Wanasoma magazeti na kumtania Bonaria kuhusu viatu vyake. Mwingine ameoa. Wachumba ambao wote wawili walikuwa na neno hawakukatazwa kuoana, wala hawakuamuliwa la kufanya. Waliambiwa kilichoandikwa, kisha wakaachiwa nyumba yao. Mimi niliwahi kutoa maoni yangu kwa Gonaria na Daniele, nikaambiwa ninyamaze, na Greca ndiye aliyeniambia kwa sauti kubwa zaidi.

Sasa nirudi kwenye kinachonisumbua, kwa kuwa najifanya naandika wasifu na masikio yangu yako kwenye simu.

Sampuli ya Gonaria ilisomwa wiki iliyopita. Bonaria aliona kitu kimoja, msomaji wa pili, Ilario Zedda, ambaye ndiye atakayerithi kiti chake, akaona kingine. Doa moja lilikuwa hafifu. Huenda ni la mtoto. Huenda tishu ya mama ilichanganyika. Wakaanza upya. Haya ameniambia Ilario kwa bahati mbaya, baada ya mimi kumsimamia njiani na fimbo yangu. Hakuniambia nani aliona nini. Kwa hiyo najua hivi tu: ama doa la juu lipo, ama halipo, na mjukuu wangu yuko chekechea anaimba nyimbo za sungura na watoto wa watu.

Jana nilikwenda maabara. Nilistaafu zamani, lakini kahawa yangu ya asubuhi huinywa pale, na hakuna aliyewahi kunizuia. Jana mlango ulifungwa.

"Ami, rudi nyumbani," Bonaria akasema nyuma ya kioo.

"Mimi ndiye niliyekupokea stesheni!"

"Ndiyo, na kahawa nimekulipa tangu hapo. Rudi nyumbani."

"Usiseme neno. Nionyeshe uso tu. Uso wako naujua kuliko msalaba."

Akachukua barakoa akaivaa, akaivuta mpaka chini ya macho, akageuka. Miaka arobaini na mitatu! Nikamgongea kioo kwa fimbo nikamwambia ana moyo wa jiwe. Akajibu bila kugeuka: "Mama kwanza, Ami. Hata wewe ulikuwa wa pili, Greca ndiye aliyeambiwa kwanza." Hilo sikuwa nalijua.

Simu inalia.

Hapa niliacha kalamu. Yanayofuata nimeyaandika baadaye, siku hiyohiyo, na mchapishaji ataona mwandiko umeharibika. Asirekebishe kitu.

Alikuwa Gonaria. Nyuma yake nilisikia watoto, na upepo wa kule juu unaojulikana kwa kula mawasiliano. Alikuwa analia.

"Babu," akasema, "babu, nimeambiwa. Ni basi…"

Simu ikakata.

Niliita jina lake. Nikaita tena. Greca alisimama mlangoni na unga mikononi.

"Amesema nini?"

"Basi," nikamwambia.

Unga ulimdondoka. Alivuta kiti akaketi kando ya kitanda chake cha mfumi na kushika uzi bila kuufuma. Mimi nilikuwa nimeiacha simu ikining'inia kwa waya wake. Ni simu ya zamani, ya ukutani, siamini hizi za mfukoni. Ilikuwa inatoa ule mlio wake wa kulalamika, na sikuwa na nguvu ya kuirudisha. Nilimfikiria Priamo. Nilifikiria kwamba nimeishi kuliko malaria kwa sababu ya neno hilihili, na kwamba kila nilichojivunia, mgongo wangu, mapafu yangu, uzee wangu huu, kilikuwa kimeazimwa, na sasa mwenye mali amekuja kuchukua kwa mtoto asiyenijua. Sijawahi kuogopa barabara yoyote. Kwenye kiti kile niliogopa kuinuka.

Kisha nikasikia hatua. Soli za mpira juu ya mawe ya uchochoro wetu. Nikatazama dirishani nikaona koti la kijivu, na jirani wa mbele akifunga madirisha yake.

"Usimfungulie," nikamwambia Greca.

"Nimfungie nje Bonaria?"

"Usipomfungulia hajasema."

Greca akamfungulia. Bonaria aliingia akihema kama aliyepanda mlima mbio, nywele zimemtoka kwenye kibanio, na neno lake la kwanza lilikuwa hili:

"Ami! Rudisha simu yako mahali pake!"

"Umekuja kwa miguu," nikamwambia.

"Nimekuja kwa miguu kwa sababu simu yako inalia 'tuu' na mjukuu wako anadhani umeanguka umekufa! Amenipigia anapiga mayowe. Ilario amechukua gari. Ningekuja na nini, na punda?"

"Keti," nikasema. "Sema ukiwa umeketi, kama siku ile."

Akanitazama, akamtazama Greca, akaona unga sakafuni.

"Kwani Gonaria hakukuambia?"

"Ameniambia. Amesema basi."

"Amesema basi. Halafu?"

"Halafu simu ikakata."

Bonaria akaketi kama mtu aliyekatwa miguu, akaweka viganja usoni, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na machozi pia yalikuwemo.

"Imekatia palepale," akasema. "Mama yangu! Imekatia palepale, ujumbe haukufika mwisho! Ami, nilimpigia simu. Unasikia? Mimi nilimpigia Gonaria simu, chekechea, kwa simu. Alikuwa anakwambia: ni basi moja. Upande mmoja tu. Upande wa pili unafuma mpaka mwisho. Nimesoma mimi, amesoma Ilario, tumesoma upya, madoa mawili, safi kama macho ya mbuzi."

"Kwa hiyo atakuwa kama mimi," nikasema.

"Kama wewe. Damu nyepesi kidogo, na ataishi mpaka awachoshe watu."

"Isipokuwa mdomo," Greca akasema, akiwa ameshika uzi kwa mikono miwili. "Huo Mungu amnyime."

Simu niliirudisha mahali pake, nayo ikalia papo hapo. Hayo mengine ni ya nyumbani kwangu.

Sikufuta ya juu. Greca ameshauri niandike upya kwa furaha tangu mwanzo, kwa kuwa ndivyo nilivyoombwa. Nimekataa. Atakayesoma kwenye sherehe Jumamosi, akiwa na sahani ya nyama mkononi na Bonaria ameketi mbele na maua, ajue maabara ile ilivyokuwa kwa kila mama aliyesubiri. Sherehe ni siku moja. Kusubiri ndiko kulikokuwa kazi yake, na alisubiri pamoja nao bila kuwakwepa, wala kuwaahidi jambo ambalo madoa hayakusema.

Bonaria, kwa niaba ya wafanyakazi wa Orulai, walio hai na waliokwisha kutangulia, na kwa niaba ya watoto wanaokimbia uwanjani bila kujua jina lako, nakushukuru. Koti la kijivu litundike, au mpe mtu wa mbali. Sasa nenda ukanunue mboga mwenyewe, taratibu, katikati ya mtaa, na madirisha yote yawe wazi. Upate asubuhi ndefu na viatu vinavyofaa. Kahawa kuanzia Alhamisi iko kwangu, na simu iko mahali pake.

Anayebisha niliyoyaandika amuulize Greca, aliyefagia unga. Amuulize Ilario Zedda kuhusu fimbo. Sisinnio Podda hayupo tena, lakini mwanawe anakumbuka foleni ile na nani aliitangulia. Shahidi mwingine anatarajiwa mwezi wa sita. Huyo msimsumbue mpaka ajue kusema, na neno lake la kwanza likiwa "basi", msikate, msubiri amalize.